Jumamosi: mvinyo wa Tokaj ng'ambo ya mpaka

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 2 usiku tunazungumzia mvinyo wa Tokaj, mvinyo mtamu wa eneo la mpakani mwa Hungaria na Slovakia, na naomba tuanzie Slovakia, si Hungaria. Mkataba wa Trianon wa 1920, uliochora upya mipaka ya Hungaria baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliligawa eneo lile la mizabibu. Vijiji kama Malá Tŕňa vikawa upande wa Czechoslovakia, na leo viko Slovakia. Hata hivyo, mahandaki ya mapipa yaliyochimbwa kwenye mwamba wa volkano yangali yanatumika, na wakulima bado huacha zabibu za aina ya Furmint zishikwe na kuvu na kunyauka mtini, ndipo wazichume tunda moja moja. Uvumilivu huo hunigusa sana. Mji wa Rust, uliotoka Hungaria na kuwa wa Austria 1921, nao hutengeneza mvinyo mtamu wa namna hiyo. Mwenye picha za huko azitume kabla ya Ijumaa.