Wageni waje kuvua Kigoma, ila kuhe anayelea watoto aachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi safari za nusu siku za kupeleka wageni kuvua kwa ndoano hapa Ziwa Tanganyika, zile mnatoka alfajiri mnazungukia karibu na mwambao mpaka saa tano hivi mmesharudi. Mi naziunga mkono kabisa. Wageni wengi wanaoshuka Kigoma wanafuata sokwe wa Gombe na Mahale, wanalala mjini usiku mmoja kesho yake hao, na mvuvi wa Kibirizi au Katonga hajaona hata shilingi yao. Wakati samaki wa kupambana na mshipi tunao, sangara wapo, migebuka wapo, kuhe wapo, tena huhitaji kwenda mbali maana ziwa letu sehemu nyingi ukiacha tu ufukwe kina kinaporomoka, na katikati huko linafika mita 1,470.

Na kuna kitu watu wanaopanga mambo ya utalii hawakifikirii. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanataka giza, kwa hiyo mbalamwezi ikishakuwa kali mitumbwi inapumzika. Siku hizo kijana yupo tu mwaloni anashona nyavu, mashine ipo imekaa, na miamba ya huku anaijua mmoja mmoja, sasa si ndo siku za kumpa mgeni? Ila nieleweke, sisemi mgeni avue hata ziwa likifungwa kwa uvuvi. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti watu wakakaa nyumbani na familia zao wakavumilia, kwa hiyo likifungwa limefungwa kwa wote, mwenye dola na asiye nayo.

Suala la usalama nalo lisiachwe hivi hivi. Juzi kati nimeona boti imetoka na wageni, maboya yote yamefungwa kwenye kiroba chini ya benchi, hakuna aliyevaa hata mmoja. Kiangazi upepo wa kusi ukianza kusukuma, maji yanabadilika wakati watu bado wanapiga picha, na kiroba hicho hakuna atakayekifungua. Boya livaliwe kabla mashine haijawashwa, na mawimbi yakianza kunyanyuka safari imeisha hata kama mgeni bado hajapata samaki.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni kuhe. Huyu ni ndugu wa sato, ila ni kati ya wakubwa kabisa kwenye ukoo huo duniani, na anapatikana Ziwa Tanganyika tu. Akizaa anasogea kwenye maji mafupi, juu ya mchanga na mawe, baba na mama wote wawili wanalinda. Maji yakitulia asubuhi unawaona kabisa ukiwa juu ya boti, wakubwa wawili wenye rangi ya manjano wanazunguka, na chini yao watoto wamejaa kama vumbi la mkaa lililomwagika, wakubwa wakigeuka na lile vumbi linageuka. Sasa mtu akipitisha chambo cha bati pale, kuhe anakirukia, si kwa njaa, wakati wa kulea hata kula hali, anafukuza adui. Mgeni anashangilia, samaki anapandishwa anapigwa picha, na mzazi aliyebaki hawezi kulinda pande zote, samaki wengine wanaingia kwenye wale watoto na hawachukui muda kuwamaliza. Na watafiti waliomfuatilia wanasema kuhe anazaa mara moja tu maishani halafu anakufa, yani ukimtoa pale hakuna mwakani.

Kwa hiyo naomba maafisa uvuvi wetu na viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za ziwa, wakae na wenye boti kabla biashara haijakua. Ukiona kuhe wawili wamekaa sehemu moja hawaondoki, boti ipite mbali, chambo kisitupwe kabisa. Akinaswa kwa bahati mbaya, mikono iloweshwe kwanza, ndoano itolewe akiwa majini, arudishwe pale pale alipotoka na sio mita mia mbili mbele. Ndoano zenyewe zibanwe ule mwiba kwa koleo ili zitoke kirahisi. Mgeni anayependa kuvua akielezwa atakubali, wengi wao huko kwao wameshazoea kurudisha samaki, kazi ipo kwetu sisi tunaoendesha boti na tunaotaka picha nzuri ya kutangazia.

Migebuka na sangara wavuliwe, waliwe, hata wakachomwe pale pale ufukweni na ugali wa muhogo, mama wa kukaanga naye apate chake. Na nahodha alipwe mkononi siku hiyo hiyo safari ikiisha, asiambiwe subiri mwisho wa mwezi.

Msomaji wenu,
Katonga, Kigoma