Baba, ile swali ya pawa nimeipata

Sasa baba, umekula? Ile swali ulinitumia Jumapili usiku ukisema itakuua, ya kuchukua namba zinazogawa 6, yaani 1, 2, 3 na 6 yenyewe, kila moja uipandishe pawa 1000, yaani uandike hiyo namba mara 1000 na uzizidishe zote pamoja, ujumlishe, halafu ugawe kwa 7 uone inabaki ngapi, nimekaa nayo hapa kibandani tangu asubuhi, mtu ananunua sukuma ya thelathini mimi naandika nyuma ya kitabu cha madeni. Usicheke. Hesabu niliipenda kabla hata ujue kushika penseli.

Shida yako unataka kujua hiyo linamba lenyewe. Nani amekuuliza? Umeulizwa baki, na ukigawa kwa 7 baki ziko saba tu, 0 mpaka 6, sasa zisiporudi zitaenda wapi? Shika 2, pawa 1, pawa 2, pawa 3 hivyo: inabaki 2, 4, halafu 8 ambayo ni 1, halafu tena 2, 4, 1. Hatua tatu imerudi. 6 nayo ni 6, 1, 6, 1. Yenye inazunguka sana ni 3, inaenda 3, 2, 6, 4, 5, 1 ndio irudi. 1 ni 1 tu, haisumbui mtu.

Si unajua chama zangu? Ya wamama wa soko kila wiki mbili, ya kanisa kila wiki tatu, ya ploti kila wiki sita. Wiki zingine napumua, lakini ya sita zote zinaniangukia pamoja. Hizo pawa ni hivyo hivyo! Nikijumlisha hatua kwa hatua napata 5, 1, 0, 1, 2, 4, na hiyo 4 ni pale zote nne zimekuwa 1 wakati mmoja, halafu ya saba ni 5 tena. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Sasa 1000 itoe sita sita, inabaki 4, hatua ya nne ni 1. Jibu ni 1, kwisha.

Mwenye aliona hii ya pawa 6 kurudi 1 ni Fermat, na huyo Fermat wenu kumbe alikuwa wakili huko Ufaransa, hesabu alifanya pembeni tu. Mwaka wa 1640 aliandikia rafiki yake barua kwamba kwa namba tasa kama 7, pawa 6 ya namba yoyote ambayo 7 haiigawi lazima ibaki 1, akasema angetuma uthibitisho ila anaogopa utakuwa mrefu. Kama wewe na zile "nitakupigia mum". Euler, mtu mwingine wa hesabu, ndiye alikuja kuutoa, 1736.

Lakini chunga, wakikupea 12 badala ya 7, pawa za 2 zinaenda 2, 4, 8, 4, 8, 4, ile 2 ya kwanza hutaiona tena, kama chenji umeachia makanga. Ni kwa sababu 12 inagawika kwa 4, na kuanzia pawa ya pili kila pawa ya 2 pia inagawika kwa 4, kwa hivyo baki haiwezi kurudi kuwa 2. Hapo usianze kuhesabu mzunguko kutoka mwanzo, utaanguka.

Nimekutumia mia tatu kwa M-Pesa. Hii ni wiki ya tano, kwa hivyo wiki ijayo usinipigie ya pesa.

Mum