Mashudu ni ya ng'ombe

Mhariri, salamu kutoka Nakuru.

Nimesoma ile habari yenu ya Sudan nikashindwa kunyamaza, mmeandika njaa ya Darfur kama vile ni mvua ilikosa. Mvua haihusiki sana hapo bana, ni vita na watu wanaofunga njia za chakula. Mimi nimeendesha lori miaka mingi, Nakuru, Kitale, Lodwar mpaka Lokichoggio, enzi zile Loki ndio ilikuwa stoo ya chakula cha kusini mwa Sudan, na niliona kwa macho yangu 1998 Khartoum ilipozuia ndege kuingia Bahr el Ghazal, tunashusha magunia, ndege ziko pale uwanjani zimelala, na huko mbele watu wanakufa. Panya wa Loki walikuwa wameshiba kuliko hao watu.

Sasa ni yale yale. Mwaka 2024 serikali ya Sudan ilifunga mpaka wa Adre, ule wa kuingilia kutoka Chad, tangu Februari mpaka Agosti, na ni hiyo Agosti wataalamu walithibitisha kuna baa la njaa Zamzam, kambi ya waliokimbia vita karibu na mji wa El Fasher, huko Darfur. Upande wa pili RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la serikali, nao wakauzingira huo mji wa El Fasher zaidi ya mwaka, Baraza la Usalama likawaambia Juni 2024 waache, wakapuuza tu. Watu wakala mashudu ya karanga, yale mabaki ya kukamua mafuta, yaani kitu sisi hapa Rongai na Njoro tunapatia ng'ombe wa maziwa, na mwishowe hata hayo yakaadimika. Juni 2025 malori 15 ya mashirika ya UN, WFP la chakula na UNICEF la watoto, yalitoka Port Sudan, kilomita kama 1,800, yakafika Al Koma yakisubiri ruhusa ya kuingia El Fasher, yakashambuliwa usiku, watu watano wa msafara wakauawa. Hiyo ya madereva wenzangu ndio inaniuma, mtu amevumilia hiyo barabara yote halafu anauawa akisubiri karatasi ya ruhusa.

Kuna wanaosema si warushe tu chakula na ndege. Hercules moja, ile ndege ya mizigo, inabeba tani kama 16, lori langu lilibeba 28 na halikuhitaji rubani.

Kanisani kwetu wameanza kukusanya mahindi, mwenyekiti akaniuliza mimi kwa sababu najua njia. Nilimwambia wazi mzee, hayo magunia uzeni hapa Nakuru, kuyafikisha Darfur ni gharama kuliko mahindi yenyewe, afadhali pesa ziende kwa zile jiko za mtaa wanaita takaya, majirani wanapikia majirani, hao wako ndani tayari hawaombi mtu afungue mpaka. Alikasirika kidogo, anataka picha ya lori naona.

Na hii Kenya yetu, Februari 2025 si tuliwakaribisha hao RSF hapo ukumbi wa KICC Nairobi wakafanya mikutano yao? Sudan ikajibu kwa kupiga marufuku bidhaa zetu, na wakulima wa majani chai wa Kericho wakaumia bila kosa. Sasa kama tuliwapa ukumbi, kwani ilikuwa ngumu kuwaambia kwanza fungueni barabara? Mtumeni mwandishi wenu akaulize hilo swali Nairobi, jibu mlichapishe ukurasa wa kwanza.

Dereva mstaafu, Nakuru