Mjomba, mwaka huu usikatae

Kwako Mjomba,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Huku hatujambo, na Mama anakusalimu sana. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu kila nikiligusa kwenye simu jambo hili, la wewe kuja kutusimulia uliyoyaona mwaka wa ukame wa 1984, unabadilisha mazungumzo, na najua si mimi peke yangu mwenye mjomba aliyeona mengi akanyamaza.

Tarehe 13 Julai inakaribia. Siku hiyo, kama ujuavyo, sisi mashabiki wa roki wa hapa mjini hukutana Kondele nyumbani kwa mwenzetu tukatazama tena tamasha la Live Aid la mwaka 1985. Hatuko wengi. Kisumu ni mji wa benga, ohangla na rumba, na hizo pia tunazipenda, lakini muziki huu wa magitaa ya kelele ulituingia tukiwa wadogo na haujatoka. Mimi ulinifikia kupitia kwako, pale Bondeni, Nakuru, kwa kaseti ya video iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine, rangi zimefifia, sauti inapanda na kushuka. Siku hizo hakukuwa na nyingine ya kununua. DVD rasmi ya tamasha lile ilitoka mwaka 2004, na kabla ya hapo watu kama wewe ndio waliokuwa maktaba.

Kwa msomaji asiyejua: ilikuwa Jumamosi, matamasha mawili kwa siku moja, moja uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu kama 72,000, la pili uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, Marekani, yote yakirushwa duniani kwa setilaiti ili kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Ukiyaunganisha, muziki ulipigwa kama saa 16. Bendi ya Status Quo ilifungua Wembley saa sita mchana. Phil Collins aliimba London, akapanda ndege ya Concorde, akaimba tena Philadelphia siku hiyo hiyo. Kila mmoja wetu ana kipande chake. Kuna mwenzetu asiyesubiri kingine ila Bono, mwimbaji wa bendi ya U2, akiteremka kutoka jukwaani kumfuata msichana aliyebanwa na umati. Mwingine husikitika kila mara maikrofoni ya Paul McCartney inapokataa, mzee wa watu anapiga piano na kuimba bila kusikika.

Lakini tunakutana kwa ajili ya bendi ya Queen. Saa kumi na mbili na dakika 41 jioni mwimbaji wao, Freddie Mercury, anaingia mbio akiwa na fulana nyeupe isiyo na mikono, jinzi na mkanda wa vyuma mkononi, anaketi kwenye piano ambayo juu yake pamejaa vikombe vya karatasi vya soda. Wana dakika 21 tu. Nyimbo zimefupishwa na kuunganishwa, hakuna hata pumzi iliyopotea. Ukifika wimbo wa Radio Ga Ga uwanja mzima unapiga makofi juu ya vichwa, mara mbili, mikono ikienda pamoja hadi safu za nyuma kabisa. Halafu anaanza ile “ee-oo” yake: anatoa sauti, maelfu wanamrudishia, anaipindua, wanaipindua naye, kama mwimbishaji na waitikiaji wake kwenye mkesha wa matanga. Hapo sebule yetu yote husimama. Na mtu huyo ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina alilopewa Farrokh Bulsara; jamaa zake walihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Sijui furaha kubwa kuliko kumwona mtoto wa pwani yetu akiushika umati ule kwa koo lake.

Queen wakiinama na kuondoka, mtu huchukua rimoti, akazima. Chakula kinaletwa, ubishi unaanza. Hata ile filamu ya 2018 juu ya maisha ya Freddie inaishia hapo hapo Wembley. Dunia nzima imezoea kuzima hapo.

Wewe hukuzima, Mjomba. Uliiacha kaseti iende. Akaja mwimbaji David Bowie, akamaliza kwa wimbo wake Heroes, kisha akaikaribisha filamu fupi. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliacha kuimba wimbo wake mmoja ili filamu hiyo ipate nafasi. Ilitengenezwa na televisheni ya CBC ya Kanada na kuwekewa wimbo wa bendi ya The Cars. Watoto waliobaki mifupa, akina mama wamewapakata, watu wamejifunika mablanketi na vumbi. Sisi watoto tulikuomba uirudishe kwa Queen. Ukasema, “Tamasha lenyewe ndilo hili,” ukatoka ukasimama mlangoni umetupa mgongo mpaka filamu ikaisha.

Sikukuelewa wakati ule. Mama ndiye aliyenieleza, kidogo kidogo, miaka mingi baadaye. Kwamba mwaka 1984 mvua ya masika ilikataa hata hapa kwetu Kenya, serikali ikaagiza mahindi ng'ambo, yale ya njano kutoka Marekani. Kwamba wewe ulikuwa kibarua wa kupakua magunia kwenye ghala la nafaka hapo Nakuru. Kwamba watu walisema unga ule ni chakula cha ng'ombe, na jioni wakausonga ugali wa njano wakala, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Hayo nimeyapata kwa Mama. Kwako sijawahi kuyapata hata sentensi moja.

Najua Ethiopia ilikuwa jambo jingine kabisa. Kule haikuwa mvua peke yake. Kulikuwa na vita Tigray na Eritrea, na serikali ya mtawala wao, Mengistu, iliyokuwa ikipigana na wale wale wenye njaa. Waliokufa ni mamia ya maelfu. Sisi tulipata chakula tusichokipenda, wao walikosa chakula. Ila ukame ulikuwa wa majira yale yale, nawe ulibeba mgongoni upande wetu wa habari hiyo.

Kuna jina jingine ambalo mashabiki wengi hawalitaji, na linaniuma. Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi. Oktoba 1984 alikwenda na kamera yake Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk, na picha zake zikaonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba. Mwanamuziki Bob Geldof aliziona akiwa nyumbani kwake London. Akamtafuta mwanamuziki mwenzake Midge Ure, wakatoa wimbo wa Krismasi mwaka huo huo, na kutoka kwenye wimbo likazaliwa tamasha. Bila jicho la Mkenya yule, Freddie hangekuwa na jukwaa la kusimama siku ile. Amin alipoteza mkono mwaka 1991 baada ya ghala la silaha kulipuka Addis Ababa, akarudi kazini, akafa tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoangukia baharini karibu na Komoro. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mimi siku hizo mbili huziweka pamoja.

Uliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba lile lilikuwa tamasha la wageni kujipongeza. Ukauliza bendi za Afrika zilikuwa wapi. Ni swali la haki, na wengi wameliuliza tangu siku ile. Mwimbaji Sade, aliyeimba siku ile, alizaliwa Ibadan, Nigeria, Freddie alizaliwa Unguja, ila bendi iliyosafiri kutoka barani hapa hadi jukwaa la Wembley hukuiona. Nakubaliana nawe. Na nitaongeza: katika filamu ile aliyoikaribisha Bowie hakuna hata Mwafrika mmoja anayesema neno. Tunaonekana tu, wimbo wa mtu mwingine ukiimbwa juu yetu. Ndiyo maana sikubali ukae Nakuru na maneno yako.

Nimeshazungumza na wenzangu. Mwaka huu hatuzimi. Queen wakitoka tunamwacha Bowie aingie, filamu ipite yote, halafu tunakupa kiti. Hatutaki hotuba. Tuambie ghala lilinuka vipi mahindi yale yalipofunguliwa. Gunia lilikuwa na uzito gani begani, na lilikuwa limeandikwa nini. Nani alikuja kusimama nje ya lango na kikapu, na nyinyi vibarua mlifanya nini mkubwa wenu alipogeuka. Watoto wa wenzangu watakuwepo, wale wanaoijua “ee-oo” kutoka kwenye simu na hawajawahi kuuona ugali wa njano. Wanastahili kupata vyote viwili kwa jioni moja, furaha ile na sababu yake, kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Ukichoka katikati, acha. Ukitaka kutoka usimame mlangoni, mimi nitatoka nawe.

Kuhusu safari usijali. Najua magoti yako hayapendi matatu, kwa hiyo nitakuja mwenyewe na gari siku moja kabla, tupite Kericho, tupumzike tunywe chai. Utalala kwangu, chumba cha chini kisicho na ngazi. Mama amesema samaki ni juu yake. Mwambie Aunti naye ajiandae, mlango uko wazi kwa wote wawili.

Nangoja jibu lako, Mjomba, hata kama ni ujumbe wa neno moja.

Mpwa wako,
Kisumu