Injini yako ya kwanza ya mvuke imegoma? Soma hii kabla hujatuletea

Meseji tunayoipata kuliko zote ni hii: "Fundi, nimemaliza injini yangu, nimeifunga kwenye boila, nimewasha moto, mvuke unatoka kila kona ila flaiwili (lile gurudumu zito la injini) haizunguki." Na picha inafuata, brasi imepigwa polishi mpaka unajiona uso. Sisi kazi yetu ni kuuza seti za vipande vya injini ndogo za mvuke na kuzitengeneza zilizogoma, na kiukweli nyingi zinazofika mezani kwetu hazina ugonjwa wa kutisha, ni msuguano au ni kuvuja, au vyote viwili kwa pamoja.

Kwanza, boila weka pembeni kabisa. Injini mpya hujaribiwa kwa hewa, kompresa ndogo inatosha, hata pampu ya baiskeli inaweza ikakupa mizunguko michache ya kukuonyesha hali. Hewa haiunguzi, haiachi maji ndani, na unaweza kuegesha sikio karibu ukasikia inapovujia. Injini iliyokaa sawa inatakiwa izunguke kwa presha isiyofika hata bar 1, sasa kama yako inadai bar 3 ndo iamke ujue kuna mahali inabana.

Hapa naongelea ile injini ya silinda inayocheza, yaani silinda yenyewe inayumba kushoto kulia juu ya pini moja, na kwenye uso wake kuna tundu moja ambalo likiegemea upande huu linakutana na tundu la kuingizia mvuke, likiegemea upande wa pili linakutana na la kutolea. Haina valvu ya pembeni wala ekisentriki (kile kisahani cha kuendesha valvu), ndo maana tunamwambia kila anayeanza aanze na hii, hata kama roho yake iko kwenye treni.

Sasa shika flaiwili uizungushe taratibu kwa kidole, bila hewa. Unasikia inakaza? Kama inakaza palepale kila mzunguko, basi shafti imepinda au tundu lake halikutobolewa wima, na hili la pili ndo tunakutana nalo zaidi manake watu wanatoboa kwa drili ya mkononi. Kama inakaza mwanzo hadi mwisho, legeza springi kidogo ujaribu tena. Hiyo springi inayoikandamiza silinda kwenye ukuta wake inasumbua watu sana: ukiikaza mno injini inasimama, ukiilegeza mno mvuke unapita pembeni, na kuna kasehemu kadogo hapo katikati unakotakiwa kukatafuta kwa kugeuza nati nusu nusu.

Halafu kuna kosa la krenki (kile kisahani cha kwenye shafti chenye pini inayosukumwa na pistoni), hili nalipenda kwa sababu hata sisi tulishalifanya. Mchoro unasema pistoni isafiri milimita 20, mtu anachukua pini ya krenki anaiweka milimita 20 kutoka katikati ya shafti. Inatakiwa 10! Pini inazunguka duara zima, kwahiyo pistoni inasafiri mara mbili ya huo umbali. Injini yetu ya kwanza pistoni iligonga kichwa cha silinda kabla haijamaliza hata mzunguko mmoja.

Ila ishu yenyewe kubwa iko kwenye ule uso ambapo silinda inakutana na ukuta. Lazima nyuso zote mbili ziwe bapa kweli kweli, na kwa macho huwezi kujua. Chukua kipande cha kioo kinene, weka msasa wa maji namba 400 juu yake, paka uso wa silinda wino wa maka peni, sugua mara chache kwa kuzungusha kama namba nane. Wino ukibaki katikati jua pana shimo, endelea mpaka uishe wote, kisha malizia na 800 na 1200. Ukimaliza osha kila kitu kwa mafuta ya taa, manake chembe za msasa zikibaki humo zitaendelea kula chuma siku zote injini ikizunguka.

Nyuso zikiwa bapa na bado inavuja, angalia matundu. Silinda ikiwa imesimama wima katikati, tundu lake linatakiwa liwe limezibwa, lisiguse la kuingilia wala la kutokea. Likigusa yote mawili kwa wakati mmoja, mvuke unaingia na kutoka moja kwa moja bila kumsukuma mtu. Ndo maana usipime kwa rula tu, funga silinda, zungusha krenki mpaka silinda iegemee mwisho kabisa, weka alama hapo, fanya na upande wa pili, ndo utoboe.

Ikishazunguka kwa hewa iache izunguke na oili mpaka ilainike, ndo uongelee mvuke. Na hapa kwenye boila sisi hatuna utani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwa presha ya kawaida ya hewa inakuwa kama lita 1,600, kwahiyo fikiria ikifungiwa kwenye kopo. Lehemu ile ya mafundi redio inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na maji kwenye bar 3 tayari yako kama nyuzi 143, sasa maji yakipungua ndani moto ukaendelea hiyo tofauti inaliwa haraka sana. Boila ni ya kopa, viungo kwa lehemu ya fedha, na vishikio vya valvu viwe bronzi, manake brasi ikikaa kwenye maji ya moto zinki inatoka pole pole inabaki kitu kama biskuti.

Kupima tunapima sisi: tunaijaza maji baridi mpaka hewa yote itoke, tunasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara mbili ya presha utakayotumia, tunaiacha hapo huku tunaangalia geji. Maji hayabanwi kama hewa, kwahiyo boila mbovu itatema tu tone, haitaruka. Iliyochomewa na lehemu ya redio hatuipokei, hata ukibembeleza.

Ukituletea injini iliyogoma usiifungue, ije na mchoro wake, na tafadhali usiipige polishi kwanza, zile alama za kusuguana ndo zinatuonyesha inapobana.