Usisahau jua la Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Huku tu wazima, baba yako yuko shambani tangu alfajiri. Tangu unieleze kwenye simu kazi ya kutafuta chanjo mnayoanza hapo chuoni, sijaacha kuiwaza.

Ulisema mnachukua jeni ya kirusi, yaani maagizo ya kutengeneza protini yake, mnatoa nakala zake maelfu huku mkiziacha zikosee kidogo hapa na pale, mnapima protini zinazotokana nazo, mnabakiza nakala zilizofanya vizuri, kisha mnaanza upya na hizo. Ukanitajia Willem Stemmer, aliyeonyesha mwaka 1994 jinsi ya kukata jeni vipande na kuvichanganya, na Frances Arnold aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2018 kwa kuboresha vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za kikemia, kwa njia hiyo ya kuchagua. Nikamkumbuka bibi yako. Kabla ya kuvuna mtama alipita shambani peke yake, akikata masuke yaliyojaa punje licha ya ukame, akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbegu. Jeni hakuijua, ila alijua anachokitafuta.

Nawe ujue. Siku moja nikiwa zahanati, gari la chanjo liliharibika njiani. Nilipofungua kisanduku, barafu ilishakuwa maji ya vuguvugu, na kale kamraba kwenye kibandiko cha kichupa, kanakoonyesha kama chanjo imepata joto, kalishakolea rangi sawa na duara linalokazunguka. Dawa inayotaka nyuzi 2 hadi 8 ilikuwa imekwisha kazi. Kina mama walikuwa chini ya mbuyu tangu asubuhi, watoto migongoni. Mmoja akaniuliza, "Nesi, nirudi lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa. Hadi leo nikipita pale namwona.

Halafu tazama kuku wetu. Chanjo ya mdondo tunayowadondoshea jichoni, ile ya I-2, inavumilia joto kwa sababu watafiti wa Australia walipima virusi visivyo vikali na kuangalia pia vipi vinahimili joto. Joto lilikuwa sehemu ya mtihani, ndiyo maana mfugaji asiye na friji anaitumia.

Najua kazi yenu ni ngumu zaidi. Kimeng'enya ukikipima unaona jibu mapema, lakini kinga ya mtoto haionekani kwenye sahani ya maabara. Hata protini inayoshikana vizuri na kingamwili, wale askari wa mwili, huenda isimkinge mtu. Kwa hiyo hamtaacha kupima kinga. Ombi langu ni kwamba kabla ya kuchagua, protini za nakala zenu zikae kwanza kwenye nyuzi 40, ndipo mtazame zipi bado zina nguvu. Msiliache hilo hadi chanjo iwe tayari, mkaja kututafutia friji.

Mwulize mwalimu wako, kisha unipigie jioni nikiwa nimetoka kisimani. Nimekutumia karanga na unga wa mtama kwa basi la kesho.

Mama yako