Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa boksi la Kilatini

Assalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe sana. Wanachama wenzangu wa Shela, Barani, Maweni, Muyeye, na nyie mlioko Mombasa na Uarabuni mnaotuma ada kila mwezi bila kusukumwa, hii ndo taarifa yangu ya mwaka ya chama chetu cha vitabu hapa Malindi. Mambo ya pesa mhazini atayasoma mwenyewe siku ya mkutano, mi nasema tu hatudaiwi na mtu, na kabati la vitabu limelipwa lote, fundi kashika pesa yake mkononi. Kile kikao cha Agosti kilichovurugika kwasababu ukumbi tulioahidiwa ulipewa watu wa harusi asubuhi ile ile, nishaomba radhi kwenye grupu na naomba tena. Sasa nataka nizungumzie kitu kimoja maanake ndo kilichokula mwaka wetu, lile boksi.

Mwezi wa pili mama mmoja Mtaliano aliekaa hapa Malindi miaka mingi alikua anarudi kwao moja kwa moja, akatupa vitabu vya watoto alivokua akiwasomea wajukuu zake. Tukafungua pale barazani, kila mtu anatarajia Kiitaliano, katibu akatoa cha juu akasoma jina polepole, Cattus Petasatus, akanitazama. Akatoa cha pili, Walter Canis Inflatus. Cha tatu Winnie ille Pu. Vitabu vya picha vya kuchekesha watoto, vyote vimetafsiriwa kwa Kilatini! Kuna waliosema vipelekwe parokiani, kuna aliesema viuzwe. Mi nilikua upande wa parokia, mpaka mzee wetu aliesoma seminari enzi misa bado ni ya Kilatini akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza wa Cattus Petasatus, yaani paka mwenye kofia, akaanza kucheka peke yake. Mzee huyu nimemjua miaka na miaka na sijawahi kumuona akicheka vile, mabega yanatingishika. Tukamuuliza kuna nini, akatujibu neno moja tu, urceatim.

Wacha niwaeleze hili neno kwasababu ndo lililoniteka. Kwenye hadithi watoto wawili wamezuiwa ndani na mvua, wamekaa dirishani hawana la kufanya. Urceus ni mtungi, kwa hivo urceatim ni kwa mitungi, mvua inamwagwa mtungi baada ya mtungi. Na watafsiri hawakulitunga wao, ni neno la Petronius, mwandishi wa Roma zama za Nero, alieandika habari za karamu moja ambayo mgeni analalamikia ukame na bei ya mkate, akikumbuka zamani wanawake walivokua wakipanda mlimani miguu mitupu na nywele wameziachia kumuomba Jupita maji, basi papo hapo inamwagika kwa mitungi na wote wanarudi wamelowa kama panya. Neno limelala karibu miaka 2,000 alafu mtu akaliamsha akampa paka. Tulipowasomea watoto wetu mwezi wa tano masika inapiga mabati hata hatusikizani, mtoto mmoja wa darasa la pili akasimama juu ya benchi akapiga ukelele, urceatim! Wiki nzima mtaa mzima ulikua ni neno hilo, wanaruka madimbwi wanaliimba.

Na petasatus nayo. Petasus ilikua kofia pana ya wasafiri wa zamani, ile anayochorwa nayo mungu wao Mercury. Tukawauliza watoto, kwa Kiswahili huyu paka tumwite nani? Wengi wakasema Paka wa Kofia, lakini wengine hawakukubali, kofia wanayoijua ni ile ya kudariziwa ya kwendea msikitini na ya huyu paka ni ndefu imesimama kama bomba. Mmoja akasema pama. Bibi mmoja aliekuja kumchukua mjukuu tu akasema pale mlangoni, kwetu zamani tukisema chapeo. Mzee wa seminari akafurahi huyo! Akasema chapeo ni neno la Wareno, walioanza kufika hapa na Vasco da Gama 1498, na Kireno ni mtoto wa Kilatini, hii meza mnayoegemea ni mesa ya Kireno ambayo ni mensa ya Kilatini, na hio leso uliojifunga mamangu ni lenço, iliotoka kwa linteum, kitambaa cha kitani. Bibi akashika pindo la leso yake akaliangalia kama ndo mara ya kwanza kuiona, alafu akakaa chini. Hakuondoka mpaka magharibi, na sasa ni mwanachama, ada kalipa ya mwaka mzima.

Vijana wetu wa ufuoni nao nataka waandikwe kwenye taarifa hii. Wengi wamejifunza Kiitaliano kwa wageni, hawakukikalia darasani, na watu wamezoea kuwaona si wasomi. Lakini ndo waliokua wa kwanza kukifahamu Kilatini baada ya mzee, wakiona canis wanasema si cane hii, ovum si uovo, pluit si piove. Kijana mmoja alieacha shule mapema aliwasomea watoto ukurasa mzima kidole kikifuata mstari, na watoto sasa wakifika wanamuulizia yeye kabla ya sisi wanakamati.

Haya, mbwa. Najua kuna wazazi walichukizwa na nawaheshimu. Walter ni mbwa alieletwa nyumbani na watoto wawili, tatizo lake ni tumbo, anajamba mchana na usiku, baba wa nyumba anataka arudishwe alikotoka, mpaka siku wezi wanaingia na ni huo upepo wa Walter ndo unaowakimbiza. Kimetafsiriwa kwa Kilatini 2004, na inflatus ni aliejaa upepo, alievimba. Ustadhi mmoja wa madrasa akanitumia ujumbe kwamba tunawafundisha watoto matusi, tena kwa mbwa. Sikujibu kwa simu, nilienda kwake baada ya alasiri, tukanywa kahawa, nikamueleza jambo moja ambalo mzee alituonyesha. Sisi tuna maneno mawili, kujamba kwenye sauti na kushuta kwa kimya kimya. Waroma nao walikua nayo mawili, crepitus ya sauti na flatus ya kimya. Suetonius, alieandika maisha ya makaisari, anasema Kaisari Klaudio inasemekana alifikiria kutoa amri rasmi ya kuruhusu yote mawili mezani, kwasababu alisikia mtu mmoja nusura afe kwa kujizuia kwa haya. Ustadhi akanyamaza, alafu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema kwani sisi hatuna Abunuwasi? Tukakubaliana, Walter asomwe siku za Jumapili kwa watoto ambao wazazi wao wameridhia, na kitabu kingine cha boksini, cha mayai ya kijani na paja la nguruwe, kisisomwe hadharani kabisa. Hilo nililikubali bila shida, jina lake tu ndo mzee alilitumia ubaoni, Virent Ova! Viret Perna!!, kuonyesha virent ni ya wengi na viret ni ya mmoja, kama tunavosema yanaiva na linaiva. Watoto walilipata mara moja, wao kupatanisha vitenzi ndo maisha yao ya kila siku.

Mtu atauliza nani alianza mambo haya. Winnie ille Pu ni kazi ya Alexander Lenard, daktari wa Hungary aliehama Ulaya baada ya vita akaishia Brazil, akamtafsiri Winnie-the-Pooh, yule dubu wa hadithi za watoto za Kiingereza, kwa Kilatini akachapisha mwenyewe nakala chache 1958. Mwaka 1960 kikatoka New York, kikaingia orodha ya vitabu vinavouzwa sana ya New York Times na kikakaa humo wiki 20. Kitabu cha Kilatini! Yule paka na yale mayai ni kazi ya mume na mke, Terence na Jennifer Tunberg, wasomi wa Kilatini, paka alitoka 2000, mayai 2003, na hawakukubali kutafsiri maana peke yake, walitaka na vina viwepo, mtoto asikie mlio.

Hapo ndo nilipokua sipati usingizi. Kilatini hakuna mtoto anaezaliwa nacho. Hakuna mama yoyote anaembembeleza mwanawe kwa Kilatini leo, na bado kuna watu wazima, madaktari na maprofesa, walitumia miaka wakitafuta neno zuri la mbwa kujamba. Sisi watoto wetu wapo, wanazungumza, wanacheka kwa Kiswahili na Kigiriama toka asubuhi, alafu tukiwapa kitabu tunawapa cha sungura aliemkosea mamake akavunjika mguu ili wajifunze utiifu, na maswali matano nyuma. Vitabu vya mafunzo vina kazi yake, sivikatai, nimevifundishia. Lakini mtoto nilimuona mwenyewe mwaka huu, ambae mwalimu wake alishasema hasomi, amekaa chini ya mwarobaini na kitabu cha lugha asioijua anajilazimisha herufi kwa herufi, kwasababu anataka kufika pale mbwa anapowakimbiza wezi. Alikisoma mara tatu. Mimi nataka huyo mtoto akikute cha kwake.

Kwa hivo kamati inaleta ombi moja kwenye mkutano. Hivi vitabu vya boksini havina ruhusa ya kutafsiriwa hivi hivi, vina wenyewe. Lakini kuna Max na Moritz, cha Wilhelm Busch wa Ujerumani, kilitoka 1865, mwenyewe alikufa 1908 na haki zimeshaisha, nacho kimetiwa Kilatini zaidi ya mara moja. Mwanachama wetu aliefanya kazi hotelini na wageni wa Kijerumani ameanza nacho. Tumefika pale wale watoto watundu wanapovua kuku wa kukaanga wa mjane kwa mshipi na ndoana kupitia bomba la moshi, na tumekwama, maana nyumba za huku hazina bomba la moshi. Watoto wanasema wavue kupitia dirisha la jikoni, mzee anasema picha inaonyesha paa, kijana wa ufuoni anasema wapenyeze mshipi kwenye makuti. Mi niko na makuti, lakini hapo picha ichorwe upya, na mwisho wake wa kusagwa kinuni kama nafaka tuuzungumze na wazazi kwanza, si mwepesi. Anaejua kuchora ajitokeze, hata kama ni mwanafunzi. Anaeweza kutuskania kurasa pia, mashine ya jirani imeharibika.

Vitabu vyote viko kwenye kabati isipokua Walter, ametoka mwezi wa kumi na daftarini jina halisomeki. Watoto wanamuuliza kila Jumapili. Ukiwa nae wewe mlete, hata usiku, mlango wangu mnaujua.